Pumzi ya Fundi Tuntufye

Zaituni Mchopa alikuwa ameshindwa mtihani wa mshono mara mbili, na asubuhi hiyo alikuwa njiani kushindwa mara ya tatu.

Atupele Mwakyusa aliliona kosa linakuja hata kabla taa ya mashine haijawaka nyekundu. Alikuwa amesimama nyuma ya kioo cheusi cha karakana, mikono mgongoni, kama alivyosimama nyuma ya wanafunzi mia tatu na kitu kabla ya huyu. Glavu ilimkaa Zaituni vizuri. Moto mwembamba wa samawati ulitembea juu ya mabamba mawili ya alumini, ukiyashona kuwa bamba moja, na mkono ulioushika haukutetemeka hata kidogo. Ulipofika sentimeta ya kumi na tisa, glavu iliuvuta mkono ule taratibu, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko: tulia hapa. Zaituni hakutulia. Aliupinga ule mvuto, akapita, akamaliza.

Taa ikawaka nyekundu.

"Pumzi yako iko wapi?" Atupele akauliza.

Zaituni alivua kofia ya chuma, akajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Ipo kifuani, Mwalimu."

Wanafunzi wawili waliokuwa wakisubiri zamu walicheka, halafu wakajifanya wanakohoa.

"Unajua ninachouliza."

"Najua. Na mimi nauliza kitu hichohicho tangu muhula wa kwanza. Kwa nini nisimame katikati ya mshono, wakati mshono unakwenda vizuri?"

Atupele alifungua kinywa ajibu, na jibu lililomjia lilikuwa sentensi ya kitabuni: pumzi huupa mshono nafasi ya kutulia. Aliijua sentensi hiyo kwa sababu aliiandika mwenyewe, katika toleo la pili, akiwa na miaka ishirini na saba na furaha ya mtu aliyeona jina lake ndani ya kitabu kwa mara ya kwanza. Lakini sasa, mbele ya mwanamke huyu aliyemzidi umri kwa miaka minne, sentensi ile haikutoka.

Glavu ilikuwa fahari ya nchi nzima. Miaka kumi na moja nyuma, Fundi Tuntufye Mwaipopo, ambaye mikono yake ilishona matangi ya roketi zote za mwanzo, alianza kusumbuliwa na baridi yabisi ya vidole. Wahandisi wakamvisha glavu yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, wakamwomba ashone mshono mmoja, wa mwisho, ulio bora kuliko yote. Nyuzi zile zikakariri kila alichofanya: mwendo, mwinamo, uzito wa kidole. Tangu hapo aliyevaa glavu aliongozwa na mkono wa Tuntufye. Ufundi uliokuwa ukichukua miaka sita ukafundishwa kwa miezi mitatu. Na katika mshono ule bora, kwenye sentimeta ya kumi na tisa, mkono wa bibi huyo ulitulia kwa sekunde mbili, kisha ukaendelea. Hakuna aliyejua sababu. Wakaiita pumzi, wakaipa alama kumi na tano kwenye mtihani.

"Mimi nilishona mageti Lindi miaka tisa," Zaituni alisema, sauti yake sasa ya chini. "Mageti na fremu za bajaji. Kule geti likikatika, mwenye geti haji na kitabu, Mwalimu. Anakuja na geti lenyewe. Naomba tuvunje vipande. Sita vyangu, sita vya wenzangu wenye pumzi. Nikishindwa, nitavuta pumzi mpaka mnikataze."

*

Chuo cha Anga cha Loleza na kiwanda cha roketi viligawana ukuta mmoja, na katikati ya ukuta huo palikuwa na mlango mpana usio na kitasa wala komeo. Waasisi waliujenga hivyo makusudi. Asubuhi wanafunzi waliupita kwenda kiwandani, kushona vitu ambavyo vingeruka kweli. Kila Jumatano wahandisi waliupita kurudi chuoni, wakakaa kwenye madawati yaleyale ya vijana na kuulizwa maswali na vijana. Hapakuwa na roketi iliyotoka Mbeya bila sahihi mbili: ya kiwanda, na ya mwalimu aliyeifundisha mikono iliyoishona. Mwalimu akifuta sahihi yake, roketi inasimama, hata kama waziri yuko uwanjani na hotuba mkononi. Na mwalimu huyo anarudi dawatini mwaka mzima, mwanafunzi wa yule aliyemwonyesha kosa. Hiyo haikuhesabiwa adhabu. Hata hivyo, katika miaka yote ya chuo, ni walimu wawili tu waliowahi kufuta sahihi zao.

Sahihi ya Atupele ilikuwa kwenye tangi la roketi ya Ngosi ya Tano. Mishono mia mbili na kumi na mbili, yote ya wanafunzi wake. Baada ya siku sita tangi lingepandishwa kwenye treni kwenda pwani, na kabla ya masika roketi ingepeleka juu setilaiti ya kuonya mafuriko, waliyoiita Jicho la Mvua.

Alikuwa akiwaza hayo wakati Zaituni anazamisha kipande cha kwanza ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Mvuke mweupe ulifurika mezani ukamwagika sakafuni. Tangi la Ngosi lingebeba methani yenye baridi ya namna hiyo, kwa hiyo kipande kisichopimwa kwenye baridi ni kama hakijapimwa.

Mashine ikakishika kipande ncha mbili, ikavuta. Vipande vya Zaituni vilichelewa kukatika. Vilinyooka, vikalalamika, mwishowe vikachanika ovyo, kila kimoja mahali pake, nje ya mshono. Kisha wakaweka cha kwanza chenye pumzi. Kilikatika ghafla, kwa mlio mkavu.

Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu.

Walipomaliza, Atupele alivipanga sita vile mezani. Vyote vilikuwa vimekatika kwenye sentimeta ya kumi na tisa, kama vimekatwa kwa rula.

"Eksirei ingeona," alisema, na kabla hajamaliza akajua kwamba isingeona. Mashine ya eksirei ilifundishwa kwa picha za mishono ya glavu. Kwa mashine hiyo, kovu dogo la pumzi lilikuwa dalili ya afya.

Zaituni hakusema niliwaambia. Alivua glavu nene za kuzuia baridi, akakaa kwenye stuli. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

"Mimi nilidhani ni kupoteza muda tu," alisema. "Sikudhani ni hivi, Mwalimu."

*

Injinia Gwamaka Sanga, mkuu wa sehemu ya matangi, alikuwa amekaa dawati moja na Atupele miaka minne, wakigombania nafasi ya kiwiko. Aliviangalia vipande vile kwa muda mrefu, akivigeuza kimoja kimoja.

"Ngosi nne zimeruka, Atu. Zote zina pumzi."

"Matangi yake yalikuwa nusu ya hili."

"Ndiyo." Alikiweka chini cha mwisho. "Ukisimamisha, tunakosa masika. Watu wa mabonde ya Kilombero wanalisubiri jicho hili tangu mafuriko yawakute usingizini. Nakwambia tu ulijue, si kwa kukutisha."

"Nalijua. Shangazi yangu yuko Ifakara."

"Basi unalijua kuliko mimi." Akavuta kiti, akakaa kinyumenyume kama zamani darasani. "Mimi siwezi kukukataza kufuta sahihi yako, na nisingependa niweze. Lakini vipande kumi na viwili ni vichache. Fundi Tuntufye yuko Tukuyu, mzima, na akili zake zote. Nenda ukamuulize kwa nini alitulia. Huenda anajua kitu ambacho vipande hivi havikijui."

"Kumbe tangu zamani tulikuwa na mtu wa kuuliza."

"Miaka kumi na moja," Gwamaka alisema. "Nani angethubutu kwenda kumuuliza Tuntufye kwa nini? Ungeanzia wapi?"

*

Tukuyu kulikuwa na mvua nyembamba, ile isiyoanza wala kuisha. Fundi Tuntufye alimpokea jikoni, akamkalisha karibu na jiko, akamwekea ndizi za kupika zilizobaki mchana.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kula kwanza. Watu wa anga mnakonda sana siku hizi."

Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama mizizi ya tangawizi, lakini alipomiminia chai hakumwaga hata tone. Ukutani palikuwa na stempu ya posta iliyokuzwa na kuwekwa kwenye fremu: yeye mwenyewe, kofia ya chuma imeinuliwa, anatabasamu. Mjini kulikuwa na shule ya msingi yenye jina lake. Mjukuu wake wa mwisho alisoma humo.

Atupele aliweka kishikwambi mezani, akamwonyesha video ya siku ile ya glavu: mkono uliovaa glavu, moto wa samawati, mshono unakua. Bibi aliinama, macho yamewaka. "Aisee. Mtazame huyo," alisema, kana kwamba anamsifia binti wa jirani. Mkono ukafika mahali pale, ukatulia, ukaendelea.

"Hapo, Fundi. Kwa nini ulitulia?"

"Rudisha."

Akarudisha.

"Ilikuwa saa ngapi?"

Atupele alitazama pembeni ya picha. "Saa nne kamili asubuhi."

Fundi Tuntufye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Kengele," alisema. "Mwanangu, hapo kengele ya chai ililia. Tulikuwa na kipande cha reli kimening'inizwa mlangoni, Mzee Kaponda alikigonga saa nne, na siku hiyo sikuwa nimekula asubuhi kwa sababu ya hao watu wa nyuzi. Nikasikia kengele, nikawaza maandazi. Basi. Nikajikaripia, nikaendelea." Alijifuta machozi kwa kanga. "Nyie mliniuliza nini nisiwaambie? Mnafanyaje na kitu hicho?"

Atupele akamwambia. Alimwambia kuhusu jina la pumzi, alama kumi na tano, kitabu, wanafunzi waliofelishwa, vipande sita mezani, na tangi lenye mishono mia mbili na kumi na mbili. Aliongea akitazama chai yake. Alipoinua uso, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Mvua iliendelea juu ya bati.

"Mshono ukitulia, alumini inapoa, inashika upya juu ya iliyopoa," bibi alisema polepole. "Mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa ningemfukuza kwa hilo." Akakitazama kishikwambi, kisha ukutani. "Lazima useme ni mimi?"

Hilo ndilo swali ambalo Atupele alikuja nalo kutoka Mbeya bila kujua kwamba amelibeba. Angeweza kuandika: hitilafu ya glavu. Ingekuwa kweli, kwa namna fulani. Tangi lingesimama vilevile, glavu ingerekebishwa vilevile, na mtoto angeendelea kusoma katika shule ya bibi yake bila mtu kumtania njiani.

"Sijui, Fundi," alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Fundi Tuntufye aliinuka, akachukua vikombe, akaenda kuviosha na mgongo umeelekea kwake. Hakumsindikiza mpaka barabarani. Kwa watu wa Tukuyu, hilo lilikuwa neno zito kuliko maneno.

*

Njia nzima ya kurudi, huku migomba na mashamba ya chai yakipita dirishani, Atupele alijaribu kuandika taarifa isiyo na jina. Kila mara sentensi ilifika mahali fulani ikakwama. Ukisema glavu, watu watatengeneza glavu nyingine. Watatafuta mkono mwingine wa kuuheshimu, watauiga hata utakapojikuna, na mtu atakayeuliza kwa nini atapewa taa nyekundu. Zaituni alifelishwa mara tatu, na aliyemfelisha alikuwa mtu mwema aliyependa kazi yake.

Jumatano wahandisi waliingia kwa mlango mpana, wakajibana kwenye madawati, magoti yamegusa mbao. Wanafunzi walijaa mpaka kwenye ngazi. Atupele alipanda mbele na karatasi ya tangi la Ngosi ya Tano. Aliiweka kwenye projekta ili wote waione ukutani, akachukua kalamu, akakata mstari juu ya sahihi yake.

"Nafuta sahihi yangu kwa sababu kwenye kila mshono wa tangi hili kuna mahali dhaifu, na mahali hapo nilipafundisha mimi," alisema. Akawaonyesha vipande. Akasoma kwa sauti aya yake ya toleo la pili, ile ya mshono kupata nafasi ya kutulia. "Hii niliiandika mimi. Sikuwa na kipimo hata kimoja. Nilikuwa na heshima tu, nikadhani inatosha."

Halafu akakifunga kitabu.

"Fundi Tuntufye ameniambia kwa nini alitulia. Kengele ya chai ililia, na alikuwa na njaa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengi, kile kicheko kinachotoka kabla mtu hajajua kama anaruhusiwa. Atupele aliwasubiri.

"Yeye hakukosea. Mtu mwenye njaa akisikia kengele mkono wake hutulia, mkono wa yeyote. Tulioigeuza njaa yake kuwa kanuni ni sisi. Tuliweka kengele ya chai kwenye mtihani. Tukafundisha mashine ya eksirei kuipenda. Na mtu mmoja humu aliyeuliza kwa nini, nilimwandikia sifuri." Akatafuta uso ngazini. "Zaituni Mchopa, simama tafadhali. Kuanzia Jumatatu, huyu ndiye mwalimu wangu."

Zaituni alisimama, amejikunyata kama aliyeitwa polisi. Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Gwamaka, ambaye alikuwa na treni ya kuifuta na simu ngumu ya kumpigia waziri.

*

Tangi lilijazwa naitrojeni ya kimiminika uwanjani, watu wote wakiwa mbali. Kwenye mshono wa themanini na nane ulitokea mstari mweupe wa mvuke, mwembamba kama uzi wa buibui, kwenye sentimeta ya kumi na tisa. Hapakuwa na mlipuko wala kishindo. Mstari mweupe tu. Wahandisi walisimama wakiutazama kwenye skrini, na mmoja wao akavua kofia.

Masika yale yalipita bila jicho juu. Chuo na kiwanda viligawana kazi: wanafunzi wa mwaka wa tatu walikwenda mabondeni na vipimo vya mvua vya mkononi, wakalala kwenye madarasa ya shule za msingi, wakapiga simu kila baada ya saa moja. Shangazi yake Atupele alimlisha mmoja wao wiki tatu na akalalamika kwamba anakula sana. Nyumba kumi na tisa zilichukuliwa na maji. Watu walikuwa wametoka. Atupele aliiweka ile namba ya nyumba kichwani na hakujaribu kuitoa.

Kutoka Tukuyu haikuja simu, na Atupele hakupiga. Aliandika barua moja, akaeleza alichosema ukumbini, neno kwa neno. Haikujibiwa.

Jumatatu ya wiki ya ishirini dawatini, alivaa ovaroli ya kijani ya wanafunzi, ikambana mabegani. Mtihani sasa ulifanywa mara mbili: kwa glavu, kisha kwa mkono mtupu. Zaituni alikuwa nyuma ya kioo cheusi, mikono mgongoni, mkao alioiba kutoka kwa mtu fulani.

"Mwalimu, niko tayari," Atupele alisema.

"Usiniite Mwalimu kwa sauti hiyo, unanitia baridi. Anza. Na leo kuna mgeni, kwa hiyo usiniaibishe."

Hakugeuka kumtazama mgeni. Moto wa samawati ukawaka. Alumini ikayeyuka ikawa kijidimbwi chenye kung'aa kama jicho la samaki, naye akakisukuma mbele, polepole, kwa mkono wake mwenyewe. Sentimeta ya kumi. Ya kumi na tano. Alisikia nyayo nzito zikikokotwa nyuma yake, na pumzi ya mtu mzee aliyepanda ngazi.

Ya kumi na nane.

Kipande cha reli kikagongwa, karibu kabisa na sikio lake, kwa nguvu isiyotegemewa kwenye vidole vilivyokunjika. Sauti ilijaza karakana nzima. Ilikuwa saa nne kamili na Atupele hakuwa amekula tangu jana jioni.

Mkono wake ulipita.

Ulipita sentimeta ya kumi na tisa, ukapita ya ishirini, ukafika mwisho wa bamba bila kutetereka. Alizima moto. Ndipo akavua kofia ya chuma na kugeuka.

Fundi Tuntufye alikuwa amesimama kando ya reli yake ya zamani, nyundo mkononi, kanga mabegani ikiwa bado na unyevu wa mvua ya njiani. Hakumtazama Atupele. Aliinama juu ya mshono, akaupitisha ukucha wa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, akafika, akarudia pale kwenye kumi na tisa.

"Barua yako nilisomewa na mjukuu," alisema. "Alicheka sana kwenye maandazi. Ameisomea shule nzima." Akamrudishia Zaituni nyundo. "Wote watagongewa, huyu na wanaokuja. Asiyeweza kupita kengele asiguse tangi."

Kisha akamshika Atupele mkono, kwa vidole vyake vyote vilivyojikunja, akaanza kutembea kuelekea mlango mpana.

"Sasa twende," alisema. "Chai inapoa."